Ukiacha kulipia kifurushi, usiitupe TV

Dada yangu wa Njiro, umeuliza kama uache kulipia dishi kila mwezi wakati nyumbani mnaangalia taarifa ya habari tu na katuni za watoto. Acha, tena bila wasiwasi. Hiyo hela ni mchango mzuri wa ada.

Ila kabla hujaacha, tafuta king'amuzi cha antena. Kwenye hivyo, chaneli za bure kama TBC1, ITV na Channel Ten zinaendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha. Cha dishi usikitegemee kwa hilo. Antena ifungwe nje, juu ya bati, isizibwe na ule mparachichi au ghorofa la jirani. Kaza vizuri kichwa cha waya kinapoingia kwenye king'amuzi, maana kikilegea picha inakatakata ukadhani kifaa kibovu. Halafu ingia kwenye menyu, utafute chaneli upya.

Waliokushauri uhamie kwenye simu hawajakupigia hesabu. Video ya kiwango cha kawaida inaweza kula karibu GB 1 kwa saa, na ya HD hufika GB 3. Watoto wakishika simu tangu watoke shule hadi chakula cha usiku, bando litakugharimu kuliko kifurushi ulichokimbia. Labda kama unayo waifai ya mwezi.

Mpira? Mzee aende kibanda umiza siku ya Simba na Yanga, alipie mechi hiyo moja.