Maswali yenu: mkwaruzo, ampu ya Marekani, na lile swali la shetani

"Shikamoo mzee. Sisi ni vijana wanne wa Ntinda. Tunataka sauti ya Black Sabbath ya mwanzo. Tununue pedali gani?"

Marahaba. Pedali tena, yale masanduku ya kukanyaga yanayobadilisha sauti ya gitaa! Swali hili haliishi, na kila anayeliuliza huwa ameshanunua mbili kabla ya kuandika.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, alikuwa kijana wa kiwanda cha mabati Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye ni mtu wa mashoto, huo ndio mkono anaobania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akazilegeza: katika nyimbo kadhaa za albamu ya Master of Reality ya 1971, gitaa limeshushwa nusu-toni tatu. Mafundi wa Katwe wanaochomelea mageti wangemwelewa Iommi upesi kuliko nyinyi.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa Oktoba 1969 kwa takriban siku moja, bendi ikipiga pamoja kama iko jukwaani, ikatoka 13 Februari 1970. Sauti mnayoitafuta imo humo, katika kupiga pamoja. Besi ya Geezer Butler inalifuata gitaa bega kwa bega, Bill Ward anapiga ngoma kwa mkono wa jazi, na mkwaruzo wenyewe, ile sauti ya gitaa inayokoroma, ni mdogo kuliko mnavyodhani. Punguzeni mkwaruzo nusu, ongezeni sauti za kati, mwacheni mpiga besi asikike. Mkiweza kumaliza wimbo mzima bila mmoja wenu kusimama na kumlaumu mwenzake, niandikieni tena kuhusu pedali.

"Prodyuza wetu anataka turekodi kila mtu peke yake, kwa metronomu, kisha kompyuta inyooshe kila pigo la ngoma. Tukubali?" – Mpiga ngoma, Jinja

Metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, fanyia mazoezi kila siku, tena bila huruma. Kunyoosha kila pigo, kataa. Sikiliza rekodi za metali za miaka ya 1970: kiitikio kinakimbia kidogo, kisha rifu nzito, ile fungu la noti za gitaa linalorudiwarudiwa, inaporudi, bendi nzima inavuta nyuma. Mwendo huo ukinyooshwa, kinachobaki ni sauti ya mashine iliyovaa fulana nyeusi.

Na kwa kuwa umenigusa hapo, mwambie prodyuza wako asiibane miksi, yaani sauti zote zikishachanganywa, mpaka ikose pumzi. Metallica, bendi kubwa ya metali ya Marekani, walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wao wenyewe walilalamika kwamba sauti imesukumwa juu hadi inapasuka, na wengine wakasema nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zinasikika safi zaidi. Hao walikuwa na fedha za kununua studio yoyote duniani. Msikilizaji akitaka kelele zaidi ana kitufe chake cha sauti.

"Mama anasema metali ni muziki wa shetani. Nimjibu nini?"

Mwambie Geezer Butler, aliyeandika mashairi mengi ya Black Sabbath, alilelewa katika nyumba ya Wakatoliki. Kisha acha kufanya mazoezi saa tano usiku, maana nadhani hilo ndilo linalomkera.

"Nimepata ampu ya vali iliyotumika, imetoka Marekani, bei nzuri sana. Muuzaji anasema ni nzima. Niichukue?" – Mbale

Ampu ni kikuza sauti cha gitaa, na hiyo ya vali hutumia taa za kioo kama redio za zamani. Kabla ya bei, igeuze usome nyuma. Umeme wa Marekani ni volti 120; wetu Uganda ni 240. Kama imeandikwa 120 peke yake na haina swichi ya kubadilisha, ukiichomeka ukutani itaungua kabla hujapiga noti ya kwanza. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati za kutosha na ziada. Hiyo nayo ni fedha na mzigo wa kubeba kwenye boda, jambo ambalo muuzaji hatakutajia. Neno lake kwamba "ni nzima" halina maana yoyote mpaka uisikie ikilia mbele yako.

Pili, ampu ya vali usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Utaua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ndiyo sehemu ghali. Tatu, na hili naliandika nikiwa sina mzaha: usiifungue kwa kuwa umetazama video. Kapasita zilizo ndani hushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya. Zinaua. Tafuta fundi mzee wa redio za vali; hao bado wapo, ingawa vijana huwapita wakikimbilia maduka ya simu. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, zima na uchomoe, usisubiri urudi kwa kishindo.

Ungeniuliza ushauri ambao hukuuliza, ningesema nunua ampu ya transista, isiyo na vali, na fedha itakayobaki ulipie chumba cha mazoezi.

"Tuimbe Kiswahili au Kiingereza? Wenzangu wanasema Kiswahili hakifai kwa metali." – Arua

Wenzako wamejaribu? Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndiyo mwimbaji wa sauti ya juu anayoivuta mpaka paa litikisike. Bendi ya Skinflint ya Botswana inapiga metali ya kizamani kabisa, ya magitaa yanayokimbia, na hadithi inazichukua Afrika: albamu yao moja inaitwa Iklwa, kwa jina la mkuki mfupi wa Wazulu. Hawakuhitaji majoka ya Ulaya. Hapa kwetu bendi ya Vale of Amonition imepiga ile metali ya mwendo mzito wa polepole, basi usiniambie Uganda haina masikio ya mambo haya. Arua mna Kiswahili cha kutosha kujaza albamu tatu.

"Tuna nyimbo nane tayari lakini hakuna kampuni inayotutaka. Tufanyeje?" – Entebbe

Mshukuruni Mungu. Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, walirekodi nyimbo zao za kwanza siku mbili za mwisho wa Desemba 1978, wakachapisha wenyewe nakala 5,000 mwaka uliofuata na kuziuza kwa posta. Kampuni ilikuja baadaye, ikawakuta wana wasikilizaji tayari. Nyinyi mna Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki wenu wenyewe, inayokata 15% ya mauzo ya muziki wa kidijitali na 10% ya bidhaa kama fulana. Hakikisheni kwanza fedha zitawafikia kwa njia gani. Mabango chapisheni Nasser Road, Kampala, ambako huchapwa kila kitu, hata visivyopaswa kuchapwa.

Wala msidhani hapa hakuna mlango. Duma, vijana wawili wa Nairobi wenye kelele za kutisha, albamu yao ya 2020 ilitolewa na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si sauti ya kizamani, na mimi siimalizi bila kupumzika, lakini imetoka mjini humuhumu.

Onyo: kabla ya kuingia studio, andikeni karatasi moja inayosema nani katunga nini na nani atalipwa kiasi gani, mtie sahihi wote, pamoja na prodyuza. Sheria ya Haki Miliki ya 2006 inamlinda mtunzi, lakini mtunzi asiye na ushahidi hubaki kupiga kelele tu. Bendi nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjwa na wimbo mmoja uliopendwa.

"Ozzy au Dio, nani zaidi?"

Wote wawili wameimba Black Sabbath: Ozzy Osbourne kwanza, kisha Ronnie James Dio. Dio kwa koo, Ozzy kwa kuogopesha. Ozzy alifariki Julai 2025, wiki chache tu baada ya kuaga jukwaani nyumbani kwao Birmingham, akiimba ameketi. Sitaki kuliona tena swali hili kabla ya Krismasi.