Maswali ya moyo: "Mbona madaktari sita wanamsikiliza mwanangu?"

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa watu waliopewa rufaa ya moyo kwenda Dar es Salaam, au wanaouguza mtu aliyerudi kutoka huko. La kwanza ni la dharura, kwa hiyo nimelitanguliza.

Shikamoo dokta. Mke wangu ana wiki tatu tangu ajifungue. Miguu imevimba, na usiku hawezi kulala chali, anakaa kitako akihema. Bibi yake anasema ni hali ya uzazi, itaisha. Tusubiri? (Baba, Mtwara mjini)

Marahaba. Msisubiri. Mpeleke leo hii hospitali ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ipi iliyo karibu. Miguu kuvimba kidogo baada ya kujifungua ni kawaida, na bibi hajakosea kwa hilo. Kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi ni jambo jingine. Upo ugonjwa unaomshika mama mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 ya kwanza baada ya kujifungua: misuli ya moyo inalegea, inashindwa kusukuma damu, maji yanajaa kwenye mapafu. Hospitali watampima pia presha na wingi wa damu, maana hayo nayo huleta dalili zinazofanana. Akina mama wengi wanaowahi dawa, moyo hurudi vizuri. Ila kabla ya kufikiria mimba nyingine lazima amwone bingwa wa moyo, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi.

Nilimpeleka mwanangu Dar kwa tatizo la mlango wa moyo. Asubuhi wakaja vijana sita wenye makoti meupe, kila mmoja akamwekea kipimo kifuani. Je, wanamfanyia majaribio? (Mama, Tandahimba)

Hapana mama, na naelewa kwa nini uliogopa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili, inatibu na inafundisha kwa wakati mmoja. Wale uliowaona huenda ni wanafunzi wa udaktari, intani (wahitimu walio kwenye mafunzo ya kazi), na madaktari wanaosomea ubingwa, wakiwa na mwalimu wao. Wanapita raundi.

Nikueleze kinachotokea pale kitandani. Mlango wa moyo ukibana, damu inayopita hutoa mngurumo mdogo sana. Ili kuusikia, mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, kipimo kinawekwa karibu na chuchu, chumba kinanyamaza. Mwalimu anauliza mmoja mmoja: umesikia nini? Anayesema "sijasikia kitu" anarudishwa asikilize tena. Sikio hilo halipatikani kitabuni. Kijana aliyelipata kwa mwanao mwaka huu, kesho atapangiwa kituo cha afya huku kwetu, na ataugundua moyo wa mtoto wa jirani yako bila mashine yoyote.

Faida nyingine ni ya mwanao mwenyewe. Mgonjwa anayesikilizwa na watu sita ana jozi sita za macho za kuona kosa la dawa au kipimo kilichosahaulika. Hata hivyo una haki ya kujua kila aliyemgusa ni nani, na mtoto akichoka una haki ya kusema "basi kwa leo". Mwalimu mzuri hatakasirika, na matibabu hayatapungua.

Binti yangu wa miaka 12 anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Sasa anacheza, anakimbia, hana shida. Tuache? (Nachingwea)

Tafadhali msiache. Ningeweza kujibu swali hili kila wiki nisichoke, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza watoto.

Ugonjwa wake wa moyo ulianzia kooni. Mtoto alipata mafindofindo ya bakteria, hayakutibiwa sawasawa, na kinga ya mwili ilipopigana na bakteria ikaishambulia pia milango ya moyo. Kila mafindofindo ya namna hiyo yakirudi, milango inapigwa tena na kovu linaongezeka. Sindano haifuti kovu la zamani. Inazuia kovu jipya. Kwa hiyo binti kucheza ni dalili kwamba sindano inafanya kazi yake.

Muda? Mtoto ambaye moyo wake uliguswa, kwa kawaida ni miaka 10 au hadi atimize 21, kutegemea lipi linachelewa. Aliyebaki na mlango ulioharibika anaweza kuambiwa hadi atimize miaka 40. Anayepanga ni daktari wake, baada ya kumpima.

Najua panapokatika. Msimu wa korosho ukianza, familia inahamia shambani na tarehe inapita. Andikeni tarehe zote kabla hamjaondoka, mtoke na kadi, na muulize mapema zahanati ya karibu na shamba kama dawa ipo. Bingwa wa Dar anaweza kurekebisha mlango kwa ustadi mkubwa, lakini ulinzi wa mlango huo uko mikononi mwa muuguzi wa zahanati na mzazi anayekumbuka tarehe. Hiyo nayo ni kazi ya kitengo cha moyo, nami naiheshimu sawa na ya chumba cha upasuaji.

Nikiwa kliniki ya moyo niliombwa kusaini karatasi ya utafiti. Nikikataa watanitibu? (Kilwa Masoko)

Watakutibu vilevile. Utafiti halali unapitiwa kwanza na kamati ya maadili. Lazima usomewe kwa Kiswahili, upewe nakala na namba ya simu ya kuuliza, na unaweza kujitoa siku yoyote.

Lakini ukielewa na ukaridhika, mimi nakushawishi ukubali, na sababu ninayo. Wagonjwa wenye milango iliyoharibika na mapigo yasiyo na mpangilio hupewa wafarini ili damu isigande. Dawa hiyo ina usumbufu, inataka damu ipimwe mara kwa mara, na ilipokuja dawa mpya isiyo na usumbufu huo wengi walitumaini itafaa pia. Ukafanyika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Majibu yalitoka mwaka 2022: waliokuwa kwenye wafarini walifariki wachache kuliko waliopewa dawa mpya. Tusingelijua hilo kama watu wenye ugonjwa huu wangekataa kusaini.

ECG na eko si kitu kimoja? (Mikindani)

Hapana. ECG, ile ya nyaya kifuani, mikononi na miguuni, inasoma umeme wa moyo: mapigo, na dalili za mshipa kuziba. Eko ni ile ya jeli ya baridi ukiwa umelala ubavu. Inaonyesha milango ikifunguka na damu ikipita. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Tumeambiwa kesi ya mzee wetu "inasubiri kikao". Kikao gani? (Lindi mjini)

Madaktari wa moyo, wapasuaji na wa usingizi hukaa pamoja, wanatazama picha zake, na kuamua: dawa, mrija kupitia mshipa wa mkononi au pajani, au upasuaji. Ombeni kuelezwa uamuzi na sababu zake kwa maandishi, na mje na karatasi hizo hospitali ya Sokoine hapo Lindi. Daktari wa huku akizikosa anaanza upya.

Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, anataka kuwa bingwa wa moyo. Miaka mingapi? (Newala)

Shahada ya udaktari miaka 5, intani mwaka 1, ubingwa wa magonjwa ya ndani miaka 3, kisha ubobezi wa moyo juu yake. Ni safari ndefu na ina gharama. Akifika, mwambieni aombe kupangiwa kusini. Tunamhitaji.