Ushawishi wa familia umegoma kwenye SPSS (programu ya takwimu), nirudie data?

SWALI: Habari kaka, niko Kigoma, nafanya utafiti kuhusu nia ya wanachuo kuanzisha biashara, natumia modeli ya Ajzen, ile inayosema nia inatokana na mtazamo, ushawishi wa watu na kujiona unaweza. Mtazamo umekubali, kujiona unaweza pia, ila ushawishi wa familia na marafiki umegoma kabisa, p ni 0.41 wakati inatakiwa chini ya 0.05. Msimamizi anasema haiwezekani, huku biashara ni za ukoo. Nirudie kukusanya?

JIBU: Usirudie mdogo wangu, na hizo namba usiziguse. Hilo limewakuta wengi, Armitage na Conner mwaka 2001 walijumlisha tafiti kibao za nadharia hiyohiyo na kati ya vile vitu vitatu, ushawishi ndo ulitoka dhaifu kuliko vyote, kwahiyo una cha kumuonyesha.

Ila kwanza angalia umeulizaje. Kama uliandika "familia itaniunga mkono nikianzisha biashara", nani ataandika hapana? Toa frikwensi, yaani hesabu wangapi wamechagua kila jibu, ukikuta karibu wote wameweka 4 na 5 (yaani wamekubali) basi hamna tofauti kati ya mtu na mtu, na rigresheni, kile kipimo cha kipi kinaeleza nia, bila tofauti haina cha kushika.

La pili ndo tamu. Familia mara nyingi inaingilia mlango wa uani. Chukua binti aliyekulia Kibirizi mama yake anaanika dagaa, huyo anajua bei inapanda lini, gunia linafungwaje lifike Dar salama, nani anaaminika kupewa mzigo kwa mali kauli na nani ukimpa umeliwa. Ukimuuliza utaweza biashara anakujibu naweza, hata hafikirii. Sasa hiyo "naweza" ni kazi ya mama yake lakini wewe umeshaihesabu kwenye kujiona unaweza, familia imebaki haina cha kueleza. Liñán na Chen (2009, data za Hispania na Taiwan) walichora mishale ya ushawishi iende kwenye mtazamo na kujiona unaweza, jaribu hivyo, data unazo tayari.

Halafu data ulikusanya lini? Kama ni 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi ile miezi 3, Mei mpaka Agosti, litaje kwenye ripoti maana Shapero, mtafiti wa ujasiriamali, alishasema mtu anaweza kukaa na wazo miaka, anasukumwa na tukio, na riziki ya nyumbani kusimama ni tukio kweli.

Alfa ya maswali ya ushawishi, ile inayopima kama maswali yanaendana, ni ngapi? Nitumie, ikiwa chini ya 0.7 shida inaweza kuwa maswali yenyewe.