Nakala ya Picha ya Mfalme Si Lazima Iwe Bandia

SWALI: Mhariri, niliiona picha rasmi ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa katika makumbusho ya Louvre, kisha nikakuta nyingine inayofanana nayo katika kasri la Versailles. Ipi ndiyo ya asili? Na mkusanyaji anayenunua nakala ya namna hiyo, je, ameuziwa kitu bandia? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, ya asili ni ile ya Louvre, aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Mfalme aliiagiza kwa ajili ya mjukuu wake, Felipe V wa Uhispania, lakini ilipokwisha ilimpendeza mno hata akabaki nayo, akaamuru inakiliwe. Ile ya Versailles imetoka katika karakana ya Rigaud mwenyewe, kwa hiyo hapana udanganyifu wowote.

Hata hiyo ya asili si kazi ya mkono mmoja. Uso ulichorwa kwenye kipande kidogo cha turubai, kikapachikwa katika turubai kubwa yenye kimo cha mita 2.77, na Rigaud alikuwa na wasaidizi waliobobea, huyu katika vitambaa, yule katika mandhari. Tunayajua haya kwa sababu alitunza daftari la hesabu, akaandika humo wateja, bei na malipo ya wasaidizi wake. Kwangu mimi, daftari hilo lina thamani inayokaribia ya picha zenyewe.

London nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mchoraji Allan Ramsay alipomchora Mfalme George III wa Uingereza katika mavazi ya kutawazwa, kuanzia mwaka 1761, karakana yake iliendelea kwa miaka mingi kutoa nakala za kuwapelekea mabalozi na magavana, kwa kuwa picha hiyo ilisimama mahali pa mfalme pale asipoweza kufika. Baadhi ya nakala hizo zilibaki katika familia za mabalozi, zikarithiwa, na hatimaye zikafika mnadani.

Kwa hiyo mkusanyaji asiulize tu kama picha ni nakala. Aulize ilitoka karakana ya nani, ilichorwa mchoraji mkuu akiwa hai au baada yake, ilikabidhiwa nani, na ni hati zipi zinazothibitisha safari yake tangu siku hiyo. Muuzaji akiitaja kuwa ya mchoraji mkuu mwenyewe ilhali ni ya wasaidizi wake, hapo ndipo mnunuzi anapodanganywa.