Rili na mshipi wa kuvulia mtoni na ziwani: anza na mshipi

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unataka kuvua kwa fimbo mitoni na maziwani, samaki wasiozidi kilo 3, na kwamba umeshauriwa ununue rili (kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo) ya namba 5000, yaani ya ukubwa huo, yenye beringi 12 (vyuma vya duara vinavyoifanya izunguke kwa wepesi), kisha uijaze mshipi wa kusukwa, yaani wa nyuzi nyembamba zilizosukwa pamoja. Mimi ningeanza na mshipi, kwa sababu ndio unaoamua chambo chako kitafika umbali gani, na rili huchaguliwa ili iendane nao.

Kwa samaki wa uzito huo, nailoni yenye unene wa milimita 0.22 hadi 0.25 inatosha. Nailoni huvutika, na kwa anayejifunza hiyo ni faida kubwa, maana samaki anapokurupuka karibu na ukingo, mshipi hunyumbuka kwanza badala ya ndoana kuchomoka mdomoni. Ubaya wake ni kwamba jua huidhoofisha, kwa hiyo ibadilishe mara uionapo imepauka au imekwaruzika. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile na hauvutiki kwa kiasi cha kuhisiwa, hivyo hata mguso mdogo wa mbali huufikia mkono. Lakini hukatika upesi ukisuguana na mawe, na huonekana majini, ndiyo maana wengi hufunga mbele yake kipande cha florokaboni, aina ya mshipi usioonekana kwa urahisi majini. Kuijaza rili ndogo florokaboni tupu sikushauri, kwa kuwa ni ngumu na huelekea kufumuka kutoka kwenye spuli, yaani kibiringo cha rili kinachozungushiwa mshipi.

Sasa rili. Namba 2500 ndiyo ningekuchagulia. Ile ya 5000 itaulemea mkono kwenye fimbo nyepesi. Namba hizi hutofautiana kati ya watengenezaji, basi soma maandishi ya spuli yanayotaja unene wa mshipi na mita zinazoingia. Idadi ya beringi isikubabaishe: rili yenye beringi chache zilizo bora huzunguka vizuri kuliko yenye nyingi hafifu. Kinachookoa samaki ni breki, sehemu inayoiacha spuli izunguke na kutoa mshipi samaki anapovuta kwa nguvu. Kabla ya kununua, ikaze kiasi, kisha uvute mshipi polepole kwa mkono ukiiangalia spuli. Ikianza kuzunguka bila kusita na ikaendelea kwa mwendo mmoja, hiyo ni breki nzuri. Ikikwama kidogo halafu ikaachia kwa kishindo, iache, kwani pale inapokwama ndipo mshipi mwembamba hukatikia. Ukishaanza kuvua, ikaze kiasi cha kuachia kwenye robo ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 4, ukiuvuta kwa mizani ya ndoano, isome kilo 1 breki inapoachia.

Jaza spuli hadi ibaki milimita 2 hivi kufikia ukingo wake. Ikijaa kupita hapo, mshipi hutoka mafungumafungu. Ikipungua sana, chambo hakifiki mbali. Kila baada ya kurusha, funga ule upinde wa waya wa rili unaoongoza mshipi kwenye spuli, kwa mkono, si kwa kuzungusha kishikio, na uvute mshipi ukazike kabla ya kuanza kukunja, maana kitanzi kidogo kinachobaki kimelegea juu ya spuli ndicho huzaa fundo katika mrusho unaofuata. Na ukiamua kutumia mshipi wa kusukwa, tanguliza mita chache za nailoni chini yake, la sivyo rundo lote litateleza juu ya chuma laini cha spuli, nawe utadhani breki imeharibika.