Dunia na mwezi darasani: kwa mwalimu mpya wa Mtwara na Lindi

Kosa la kwanza ni lile jedwali la safu mbili, Dunia kushoto, mwezi kulia. Wanafunzi watalikariri, watajibu mtihani, na ukiwauliza kwa nini mwezini hakuna mvua watakutazama tu. Anza na ukubwa, kwa sababu tofauti nyingi zinazofuata zinazaliwa hapo.

Chukua mpira wa miguu namba 5, wenye kipenyo cha sentimita 22 hivi, na chungwa dogo la sentimita 6. Huo ndio uwiano wa Dunia (kilomita 12,742) na mwezi (kilomita 3,474). Usipime umbali kwanza. Waache wanafunzi waliweke chungwa pale wanapodhani ndipo. Wengi wataliweka hatua moja au mbili kutoka kwenye mpira, kwa kuwa michoro ya vitabu hubana nafasi ili kila kitu kienee kwenye ukurasa. Kisha vuta futi kamba mita 6 na sentimita 60. Katika madarasa mengi chungwa litaishia karibu na ukuta wa pili. Umbali wenyewe, kwa wastani, ni kilomita 384,400, sawa na Dunia 30 zilizopangwa mstari.

Kwa tungamo pengo ni kubwa zaidi: Dunia ni mara 81 ya mwezi. Mvutano kwenye uso wa mwezi ni kama moja ya sita ya ule wa hapa. Acha fasili, leta gunia la korosho la kilo 80. Likitundikwa mwezini kwenye mizani ya springi, mshale utasimama kwenye kilo 13 na kitu. Likipimwa kwa mizani ya mawe, litabaki 80, kwa sababu mawe nayo yamepungua uzito kwa kiwango hicho hicho. Mtoto aliyekwisha simama kwenye foleni ya mizani wakati wa msimu atakuelewa mara moja.

Sasa fuata mnyororo. Mvutano mdogo haushikilii hewa. Pasipo hewa, maji hayakai juu ya uso yakiwa kimiminika, hakuna upepo wala mvua, na mashimo yaliyochimbwa na vimondo hubaki kwa mamilioni ya miaka. Joto nalo halina blanketi: mchana karibu na ikweta ya mwezi hupita nyuzi 100 za Selsiasi, usiku hushuka chini ya −150. Ila usiseme "mwezini hakuna maji kabisa". Barafu ipo kwenye mashimo ya ncha ambayo jua haliyafikii.

Kufanana ni kwa mwamba zaidi. Vyote viwili vina ganda, tabaka la kati na kiini, na kati ya kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na safari za Apollo, 1969 hadi 1972, mna basalti kama inayotoka kwenye volkano zetu.

Kuhusu sura za mwezi, wengi wanaamini ni kivuli cha Dunia. Kivuli hicho huleta kupatwa tu. Ngoja mwezi mwandamo ufike siku ya 20 hadi 22, utoke na darasa saa mbili asubuhi. Mwezi utakuwa bado upo magharibi. Kila mwanafunzi anyooshe mkono, ashike ndimu juani, ailenge karibu na mwezi. Sehemu ya ndimu inayong'aa itakuwa na umbo lile lile la mwezi. Tumia ndimu iliyoiva, ya njano. Ya kijani haionyeshi vizuri mpaka wa mwanga na kivuli.

Mwezi mchanga wa vitabuni umesimama wima kama mundu. Huku kwetu, nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, mara nyingi hulala kama ngalawa. Mwanafunzi aliyeuchora umelala amechora alichokiona, usimkate alama.

Somo la bahari liweke mwisho. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baadaye, maji ya Mikindani hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na wachokoa pweza huwa mwambani. Chomeka kijiti ukingoni maji yanapofika mwisho wa kupwa, andika saa, rudia siku nne. Kitabu kinasema maji huchelewa dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua utapata 40 au pungufu, na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, zaidi ya saa nzima. Vipimo vyenu si vibovu: 50 ni wastani wa mwezi mzima, na jua nalo linavuta, kwa karibu nusu ya nguvu ya mwezi. Maji yakianza kugeuka, watoe watoto mwambani papo hapo. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, upande wa nchi kavu.