Kurudi kwenye pikipiki baada ya upasuaji wa mgongo

Pole sana, ndugu. Unauliza kama wiki 6 baada ya upasuaji wa mgongo zinatosha kupanda pikipiki. Inategemea ulifanyiwa nini: aliyeondolewa kipande cha diski (kile kijito laini kilicho kati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo) kwa kawaida hurudi mapema kuliko aliyeunganishwa pingili kwa skrubu, maana mfupa huchukua miezi kushikana. Daktari aliyekupasua ndiye wa kukuruhusu, na mwambie wazi kuwa ni pikipiki. Ukisema "kuendesha" tu atadhani gari.

Watu huogopa mashimo ya barabarani, na kweli mtikisiko unaumiza, lakini mimi naogopa zaidi pikipiki iliyosimama. Kuisukuma kinyumenyume, kuipandisha kwenye stendi ya kati, kuidaka inapolalia upande: hapo unainama, unanyanyua na kujipinda kwa mpigo mmoja. Ikianguka, iache ilale. Mwite mtu.

Kwa sasa tembea kila siku, ukiongeza kidogo kidogo. Ukiwa bado unameza dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi, usiguse ufunguo. Siku ukiruhusiwa, zunguka hapo karibu tu, ushuke ujinyooshe.

Ukihisi ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea, au mkojo ukikataa kutoka au ukijitokea wenyewe, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.